Daftari, Excel, GPS au mfumo kamili: kampuni ya malori ichague nini?

Mwenye malori anayebeba shehena kutoka bandari ya Dar es Salaam kwenda Lubumbashi ana maswali matatu yanayomrudia kila wiki. Gari liko wapi? Safari hii imeniachia shilingi ngapi nikishatoa mafuta, mileji (posho ya safari) ya dereva, tozo za barabara na gharama za mpakani? Na hati ya makabidhiano iliyosainiwa Lubumbashi iko kwa nani, ili nimtumie mteja ankara? Wauzaji wa programu hukimbilia swali la kwanza, kwa sababu ramani yenye vidoti vinavyotembea inavutia macho. Lakini kampuni nyingi zinazofungwa zilijua vizuri magari yao yako wapi. Zilichokosa ni jibu la swali la pili na la tatu, na kwa hayo mawili ndipo nitakapopima kila chaguo hapa.

Mfano wangu ni kampuni yenye malori kati ya matano na arobaini kwenye barabara ya Tanzam: Morogoro, Iringa, Makambako, Mbeya, Tunduma, kisha Zambia hadi Kasumbalesa na kuingia Kongo. Dar hadi Tunduma peke yake ni zaidi ya kilomita 900. Njiani kuna mizani Vigwaza, Mikese, Makambako na Mpemba, na uzito wa juu unaokubaliwa na sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 ni tani 56, gari na mzigo pamoja. Kuna mlima Kitonga. Kuna hifadhi ya Mikumi, ambako ukigonga mnyama unalipa. Kuna mipaka miwili, na fedha za aina nne mfukoni: shilingi, kwacha, faranga ya Kongo na dola. Programu inayomudu njia hii haitashindwa na Mombasa–Malaba–Kampala, ila majina ya mizani yatabadilika.

Kwanza jua uko upande gani wa mzigo

Hapa ndipo fedha nyingi hupotea kabla hata ya kuwasha kompyuta. Programu za kusimamia usafirishaji ziko za aina mbili kubwa, na kwenye matangazo zinafanana.

Aina ya kwanza ni ya mwenye mzigo: kiwanda cha saruji, cha unga au cha vinywaji, chenye maghala kadhaa na wasafirishaji wengi wa kukodi. Yeye anataka kujua mzigo upi uende kwa msafirishaji yupi, kwa bei gani, na gari lijazwe namna gani ili lisiende nusu tupu. Mifumo mikubwa ya SAP na Oracle imejengwa hasa kwa watu hawa na kwa kampuni kubwa za uwakala. Ni mizuri kwa kazi yake. Ukiwa na malori kumi na mbili na mteja mmoja mkubwa wa salfa, itakuuliza maswali mia moja yasiyokuhusu, na lile la mileji ya dereva halitakuwemo.

Aina ya pili ni ya mwenye malori. Hapa kitu cha msingi ni safari: gari fulani, tela fulani, dereva fulani, njia fulani, mapato haya, matumizi haya. Programu isiyo na safari kama kitu kimoja chenye namba yake haikufai, hata kama ina ramani nzuri kiasi gani.

Msambazaji wa ndani ya mji yuko kivyake. Gari lake linapita maduka thelathini kwa siku Mbagala na Temeke, na shida yake ni mpangilio wa vituo. Programu za kupanga njia zinamsaidia sana, lakini zinategemea kujua duka liko wapi hasa. Tanzania ilifanya operesheni ya anwani za makazi mwaka 2022, ila wenye maduka wengi bado wanajielekeza kwa msikiti, kituo cha daladala au nguzo ya simu. Kabla ya kulipia programu ya namna hiyo, mtume mtu na simu akachukue alama ya ramani ya kila duka. Kazi hiyo ya wiki mbili ina thamani kuliko programu yenyewe.

Yanayofuata ni ya mwenye malori.

Daftari na WhatsApp

Tuseme ukweli: kampuni nyingi zinaendeshwa hivi, na zinatengeneza faida. Dereva anapiga picha risiti ya sheli, anaituma kwenye kundi, meneja anaandika kwenye daftari, mhasibu anajumlisha mwisho wa mwezi. Hakuna gharama ya kuanza na hakuna wa kufundishwa. Ujumbe wa sauti unamfaa dereva aliyeko kwenye foleni ya Tunduma kuliko fomu yoyote.

Udhaifu wake unaonekana pale mtu anapoondoka. Simu ya meneja ikiibwa Kariakoo, picha za hati za miezi sita zimekwenda nayo. Mteja akikataa ankara akidai mifuko kumi ilipungua, utaitafuta picha ya hati ya makabidhiano katikati ya salamu, misiba na video. Na swali la pili, faida ya safari, halijibiwi kabisa. Linajibiwa la mwezi mzima, tena kwa kukisia, kwa hiyo njia inayokula hasara inafichwa na njia inayolipa.

Kwa magari mawili au matatu, ambapo mwenyewe ndiye meneja na anamjua kila dereva na familia yake, ningebaki hapa, kwa sharti moja: kila safari ipewe namba, na namba hiyo iandikwe kwenye kila risiti, kila picha na kila muamala wa simu. Namba hiyo ndiyo itakayokuvusha kwenda hatua yoyote inayofuata.

Excel au Google Sheets

Naiheshimu Excel kuliko wauzaji wa mifumo wanavyotaka niiheshimu. Jedwali moja lenye mstari mmoja kwa kila safari linafanya kazi ambayo mifumo mingi ya bei inaifanya kwa mbwembwe: namba ya safari, gari, tela, dereva, mteja, tarehe ya kupakia, tarehe ya kuvuka Tunduma, tarehe ya kushusha, lita zilizotolewa, mileji, tozo, tarehe hati ilipopokelewa ofisini, tarehe ya ankara, tarehe ya malipo.

Chukua mafuta peke yake. Tuseme umejiwekea kipimo kwamba semi yenye shehena inakwenda kilomita 2 kwa lita moja, na ikiwa tupu kilomita 3. Kwenda Tunduma, kwa kilomita 930, itatumia lita 465. Kurudi tupu, lita 310. Jumla lita 775. Ikiwa kwa mazoea unatoa lita 850, lita 75 za kila safari hazina maelezo. Kwa magari kumi yanayokwenda mara tatu kwa mwezi, hizo ni lita 2,250. Hakuna GPS iliyohusika hapo, ni mstari mmoja wa kanuni kwenye jedwali.

Kisha usikimbilie kumwita dereva mwizi. Injini inayounguruma siku mbili kwenye foleni inakula mafuta. Tairi zisizo na upepo wa kutosha zinakula. Injekta zilizochoka zinakula, na gari la namna hiyo litaonekana kwenye jedwali likiwa na matumizi makubwa hata ukibadilisha dereva. Jedwali zuri huwatenganisha dereva na gari, na mara nyingi humwokoa dereva aliyekuwa anasingiziwa.

Tarehe za hati zina uzito kuliko zote, na ndizo wengi huziacha. Mteja hulipa baada ya ankara, na ankara haiendi bila hati ya makabidhiano yenye saini na muhuri. Hati hiyo inarudi na dereva, na dereva anaweza kupata mzigo wa kurudi, akakaa Ndola wiki nzima, akapitia kwao Makambako. Wakati huo wote fedha yako iko kwa mteja bila hata yeye kujua kwamba anadaiwa. Ukiwa na safu ya tarehe ya kushusha na safu ya tarehe ya ankara, Excel itakuambia ni siku ngapi zinapita katikati. Kampuni nyingi zingepunguza mkopo wa benki kwa kufupisha siku hizo tu. Wateja wengine wanakubali picha safi ya hati kama msingi wa ankara, nakala halisi ifuate. Hilo liwekwe kwenye mkataba wa usafirishaji, kwa maandishi.

Kati ya mbili hizi ningechukua Google Sheets kwa kampuni yenye ofisi Dar na mtu Tunduma, kwa sababu wanaandika pamoja na historia ya mabadiliko inabaki: nani alifuta nini, lini. Excel iliyoko kwenye kompyuta moja haikupi hilo isipokuwa imeunganishwa na huduma ya Microsoft ya mtandaoni. Kwa mahesabu mazito na majedwali marefu, Excel iko mbele.

Wapi inashindwa? Haikukumbushi kitu. Bima ya gari inaweza kuisha, leseni ya LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, ikapita tarehe, kadi ya njano ya COMESA (bima ya kuvuka mipaka) ikamalizika muda gari likiwa Zambia, na jedwali likakaa kimya. Mtu mmoja akiharibu kanuni, mahesabu ya miezi yanapotoka bila kelele. Na kwa makadirio yangu, magari yakivuka kumi na tano, mwisho wa mwezi unageuka vita: mhasibu ana jedwali lake, meneja wa safari ana lake, na hayalingani.

Mfumo wa GPS

Hiki ndicho kitu cha kwanza wengi hununua, na ndicho kinachonunuliwa kwa matumaini makubwa kupita uwezo wake. Malipo yake kwa kawaida ni mawili: kifaa mara moja, kisha ada ya kila mwezi kwa kila gari. Kampuni nyingi za hapa zinazouza huduma hii hutumia jukwaa la Wialon nyuma ya pazia na kuweka nembo zao mbele. Vifaa mara nyingi ni vya Teltonika ya Lithuania au vya China. Ukiwa na fundi wa kompyuta anayeaminika, ipo pia Traccar, programu huria (msimbo wake uko wazi kwa yeyote) unayoweza kuiweka kwenye seva yako bila kulipia leseni, na inasoma vifaa vya aina nyingi sana.

GPS inajibu swali la kwanza kikamilifu: gari liko wapi, linakwenda kasi gani, limesimama muda gani, injini ilikuwa inawaka au imezimwa. Faida ya safari haiijui. Hati haiijui. Usimlaumu aliyekuuzia kwa hilo. Ulimnunua afanye kazi moja.

Lakini kuna matumizi ambayo kampuni nyingi hazijayagusa. Chora kwenye ramani mpaka wa kidijitali kuzunguka bandari, kuzunguka Tunduma, kuzunguka Kasumbalesa na kuzunguka ghala la mteja. Kila gari likiingia na kutoka, mfumo unaandika saa. Sasa mteja aliyekukalisha siku sita bila kushusha, huku mkataba unampa siku mbili za bure, hana pa kukwepea: unamtumia kumbukumbu ya saa pamoja na ankara ya siku nne za kukawia. Bila ushahidi huo, madai ya kukawia huishia kwenye maneno. Hilo pekee linaweza kulipa ada ya mwezi ya magari yote.

Vihisi vya mafuta vinastahili tahadhari yake. Kijiti cha kupima kinachoingizwa kwenye tangi hutoa takwimu nzuri, lakini tangi lazima lipimwe kwa kujazwa kidogo kidogo wakati wa kufunga, na gari lenye matangi mawili linataka vijiti viwili. Gari likipanda Kitonga mafuta yanalalia upande mmoja, na mchoro unaonyesha upungufu ambao haupo. Fundi akiharakisha kazi hiyo, utapata tuhuma za wizi kila siku, na baada ya mwezi hakuna atakayeamini mchoro huo tena, hata siku unaposema kweli.

Muulize muuzaji mambo haya kabla ya kulipa. Kifaa kikikosa mtandao kinahifadhi kumbukumbu na kuzituma baadaye, au zinapotea? Laini ya simu iliyomo ndani inafanya kazi Zambia na Kongo, na gharama ya huko analipa nani? Je, takwimu zinaweza kuvutwa na programu nyingine, au zinabaki kwenye skrini yake tu? Jibu la mwisho ndilo litakaloamua kama utaweza kupanda ngazi baadaye bila kung'oa vifaa vyote.

Na madereva waambiwe. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, Kenya ina yake ya 2019, na mahali alipo mtu ni taarifa yake. Mkataba wa ajira uandike wazi kinachofuatiliwa, kwa sababu gani, na nani anaona. Dereva anayejua kwamba kumbukumbu hizo zitamtetea pia, kwa mfano akisingiziwa kwamba alikuwa mwendo kasi, hakati waya wa kifaa.

Mfumo kamili: Odoo, ERPNext, au wa kutengenezewa

Hapa ndipo maswali yote matatu yanaweza kujibiwa mahali pamoja. Safari inafunguliwa, mafuta yanatolewa kwa namba ya safari hiyo, mileji inalipwa kwa namba hiyo, hati inapigwa picha na kuambatishwa humo, ankara inatoka humo, na malipo yanapoingia yanafunga safari. Meneja akifungua safari moja anaona faida yake, na hahitaji kumsubiri mhasibu.

Odoo imetoka Ubelgiji, na ina matoleo mawili: la jumuiya lisilo na ada ya leseni, na la biashara linalolipiwa kwa idadi ya watumiaji. Inavutia, ni rahisi kwa macho, na mafundi wanaoijua wanapatikana Nairobi na Dar. Yako mambo mawili ya kujua mapema. Uhasibu kamili uko kwenye toleo la kulipia. Lile la bure lina ankara tu. Na sehemu yake ya magari imeundwa kusimamia magari ya kampuni, yaani bima, matengenezo, mikataba na kilomita, hivyo biashara ya kubeba mizigo ya watu wengine itabidi ijengewe juu yake.

ERPNext, ya kampuni ya Frappe kutoka India, ni programu huria, na uhasibu wake kamili uko ndani bila leseni. Kwa mwenye malori anayejali shilingi hilo ni jambo kubwa, na kwa sababu hiyo mimi ningeiweka mbele ya Odoo kwa kampuni ya ukubwa huu. Inamudu fedha za aina nyingi vizuri: mapato kwa dola, mafuta kwa shilingi, tozo za Zambia kwa kwacha, kila moja kwa kiwango cha siku yake. Lakini nayo haina safari ya Tunduma ndani yake; fundi lazima aijenge. Bure ya leseni isikudanganye: utalipia seva, nakala za akiba, na mtu wa kuitunza. Ukikosa mtu huyo, usiianze.

Chaguo la tatu ni mfumo uliotengenezwa na vijana wa hapa mahsusi kwa malori. Mara nyingi ndio unaokaa vizuri zaidi, kwa sababu aliyeutengeneza anajua mileji ni nini, anajua mzigo unaweza kufaulishwa Iringa kwenye gari lingine baada ya la kwanza kuharibika, na skrini ya dereva iko kwa Kiswahili. Hatari yake ni kumtegemea mtu mmoja. Akipata kazi nje ya nchi, mfumo unabaki yatima. Kinga ni mkataba: msimbo wote ukabidhiwe kwako, seva iwe kwa jina la kampuni yako, na nakala ya akiba ije mikononi mwako kila wiki.

Kwa chaguo lolote kati ya haya matatu, yako mambo mawili yasiyo na mjadala. Risiti za EFD, yaani risiti za kielektroniki za kodi: kwa Tanzania mfumo uweze kutoa risiti ya mamlaka ya mapato, TRA, moja kwa moja, na kwa Kenya uungane na eTIMS, mfumo wa ankara wa mamlaka ya mapato ya huko, KRA, la sivyo mhasibu ataandika kila ankara mara mbili. Na programu ya dereva ifanye kazi bila mtandao. Kuna vipande virefu vya barabara visivyo na mawimbi. Dereva apige picha ya hati akiwa huko, na itume yenyewe atakapofika mjini.

Majukwaa ya kutafutia mizigo

Lori Systems ilianza Kenya mwaka 2016, Kobo360 Nigeria mwaka 2017, na mengine yakafuata, yote kwa wazo la kumkutanisha mwenye mzigo na mwenye gari. Faida yake kwako ni moja na ni ya kweli: mzigo wa kurudi. Gari linalorudi tupu kutoka Kampala au Lubumbashi limekula nusu ya faida ya kwenda.

Lichukulie kama soko. Lisiwe ofisi yako. Sendy ya Kenya, iliyoanza mwaka 2014 na kukusanya mitaji mikubwa, ilifunga mwaka 2023. Mwenye gari aliyekuwa na kumbukumbu zake kwenye vitabu vyake alitafuta mzigo kwingine kesho yake. Pata mzigo humo, lakini safari uiandike kwako.

Kwa jicho moja

| | Gari liko wapi | Faida ya kila safari | Hati na ankara | Gharama inakaa wapi |
|---|---|---|---|---|
| Daftari na WhatsApp | Kwa kumpigia dereva | Hapana | Picha zinazopotea | Muda wa meneja |
| Excel, Google Sheets | Kwa kuandika tarehe | Ndiyo, ukiwa na nidhamu | Tarehe tu | Mhasibu makini |
| GPS | Ndiyo, kila dakika | Hapana | Hapana, ila ina ushahidi wa kukawia | Kifaa na ada ya mwezi kwa gari |
| Mfumo kamili | Ukiunganishwa na GPS | Ndiyo | Ndiyo | Fundi, mafunzo, seva au leseni |
| Jukwaa la mizigo | Kwa safari zao tu | Kwa safari zao tu | Kwa safari zao tu | Kamisheni ndani ya bei |

Mifumo ya serikali sijaiweka kwenye jedwali kwa sababu huichagui. Mifumo ya forodha, yaani TANCIS ya TRA na ASYCUDA upande wa Zambia, na lakiri za kielektroniki zinazofungwa kwenye mizigo ya kwenda nje zinaifanyia kazi forodha. Lakiri inajua gari lako liko wapi, lakini inamwambia afisa wa forodha. Kitu cha kufanya ni kuhakikisha namba za nyaraka hizo zinaingia kwenye kumbukumbu ya safari yako, kwa sababu mzigo ukikwama Nakonde, ng'ambo ya Tunduma upande wa Zambia, hiyo namba ndiyo wakala wako wa forodha atakayoiomba kwanza.

Ningechagua nini

Chini ya magari matano: daftari lenye namba za safari, au Google Sheets kama kuna kijana ofisini anayeipenda. Fedha ya programu inunue tairi.

Magari matano hadi kumi na tano: Google Sheets yenye safu nilizozitaja, pamoja na GPS ya kawaida isiyo na vihisi vya mafuta. Kipimo cha lita kwa kilomita kitakuonyesha magari mawili au matatu yenye shaka. Hayo ndiyo uyafungie vihisi. Hapa ndipo nimeona maoni ya wengi yakitofautiana na yangu, kwani wauzaji watakwambia uruke moja kwa moja kwenye mfumo kamili. Kampuni ambayo haijaweza kujaza jedwali moja kwa miezi mitatu mfululizo haitajaza mfumo wenye skrini hamsini. Jedwali likijazwa vizuri, tayari una takwimu za kuanzia na unajua unachotaka.

Zaidi ya kumi na tano, au ukiwa na wateja wakubwa kama migodi na mashirika ya misaada wanaodai taarifa za kila siku: mfumo kamili. ERPNext kama una fundi wa kudumu, wa kutengenezewa kama umempata mtengenezaji unayeweza kumwona ofisini kwake, Odoo ya kulipia kama unataka kampuni ya kukuhudumia na bajeti inaruhusu. GPS ibaki ile ile, iunganishwe.

Kabla ya kusaini chochote, chukua faili la safari iliyokusumbua kuliko zote mwaka huu. Ile ambayo gari liliharibika, mzigo ukafaulishwa, mifuko kadhaa ikalowa, mileji ikaongezwa katikati ya safari kwa kutuma kwenye simu, na mteja akalipa nusu kwa dola na nusu kwa kwacha. Mpe muuzaji faili hilo, mwambie aiingize kwenye mfumo wake mbele yako, dereva na mhasibu wakiwepo. Usikubali safari ya mfano aliyokuja nayo, hiyo hufanikiwa siku zote. Mahali atakapokwama akasema watatengeneza baadaye, paandikwe kwenye mkataba pamoja na tarehe, na sehemu ya malipo izuiwe hadi hapo. Mwishoni mwombe atoe kila kitu alichoingiza kwenye faili la Excel. Asipoweza kukitoa siku hiyo, akiwa bado anatafuta kukuuzia, hutakipata siku mkiachana.